Ndege wa dirishani kwa mama

Barua ya wiki hii imetoka Morogoro, kwa dada mmoja anayemuuguza mama yake mzazi. Mama alipata kiharusi mwaka jana. Mkono wa kulia haujarudi vizuri na maneno yanamtoka kwa shida. Kitanda chake kimewekwa karibu na dirisha linalotazama uani. Mdogo wake dada huyu anaishi Minnesota, Marekani, na alipokuja likizo alileta chupa nyekundu ya plastiki ya kulishia ndege. Kule anakoishi watu hutia maji ya sukari ndani yake, huitundika nje ya dirisha, na ndege wadogo kupita kiasi huja kunywa huku wakielea hewani. Akaitundika dirishani kwa mama, likizo ikaisha, akarudi zake.

“Dada,” msomaji wetu anaandika, “wiki ya kwanza walikuja sisimizi. Wiki ya pili nyuki. Wiki ya tatu akaja ndege mmoja mweusi mwenye kifua chekundu, akazunguka, akanywa, na mama akacheka. Sijamsikia mama akicheka tangu augue. Sasa kila asubuhi ananiuliza, ‘Amekuja?’ Neno hilo linatoka lote, halikatiki.”

Halafu yanafuata malalamiko ya nyumba nzima. Sisimizi wamepita dirishani hadi kwenye shuka za mama. Baba watoto anataka kupuliza dawa ya wadudu dirishani na uani kote, amalizane nao pamoja na mbu. Wifi yake anasema sukari ya chai inapewa ndege. Ndege mwenyewe siku nyingine haji kunywa, anakuja kugonga kioo kwa mdomo mpaka mama anaingiwa na wasiwasi. Na msichana anayewasaidia kazi ameomba ngazi ili aondoe takataka zinazoning’inia kwenye waya wa taa barazani. Anauliza: aitoe chupa, au aendelee?

Aendelee. Ila kabla hajafanya lolote, ngazi irudishwe stoo na dawa irudishwe kabatini. Sababu nitaifikia.

Tuanze na ndege. Yule aliyekusudiwa na chupa ile ni kolibri. Wengi wetu tulimsikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa marehemu Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyependa kusimulia hadithi ya ndege huyo mdogo aliyebeba matone ya maji mdomoni kuzima moto wa msitu wakati wanyama wakubwa wamesimama wakitazama. Kwa vile aliyesimulia ni mwenzetu, watu hudhani kolibri ni wa kwetu. Sivyo. Kuna aina zaidi ya 300 za kolibri duniani na zote ni za bara la Amerika. Huku Afrika hayupo hata mmoja porini.

Anayekuja dirishani kwa mama ni chozi. Ndiyo, jina lake ni hilo hilo la chozi la jicho, na asiyemjua kwa jina anamjua kwa sura: mdogo, mdomo mwembamba uliopinda kama sindano ya kushonea magunia, dume linametameta juani. Maelezo ya msomaji wetu, mweusi mwenye kifua chekundu, yananielekeza kwa chozi mwenye kidari chekundu, ambaye ni wa kawaida sana kwenye bustani zetu. Akigeuka vizuri juani mama ataona pia kijani kinachong’aa kichwani na kooni. Jike lake ni la kahawia, halina mbwembwe, na watu wengi humwona kila siku wakidhani ni ndege mwingine kabisa.

Chozi na kolibri si ndugu. Kolibri yuko karibu zaidi na teleka, wale ndege wanaokata anga jioni kwa kasi bila kutua. Chozi yuko kwenye kundi la ndege waimbaji, pamoja na shomoro. Wamefanana mdomo na mapenzi ya maua kwa sababu wote wawili wanaishi kwa kufyonza maji matamu ya maua, kila mmoja upande wake wa bahari. Tofauti inayowahusu wenye chupa ni ya miguu na mabawa. Kolibri wa koo jekundu, ambaye ndiye anayefika Minnesota, hupiga mabawa kama mara 50 kwa sekunde na anaweza kunywa akiwa amesimama hewani. Uzito wake ni kama gramu 3, yaani hafikii hata kijiko cha chai cha sukari. Chozi ni mzito zaidi, na ingawa anaweza kuelea kidogo, hapendi. Anataka kutua ndipo anywe. Chupa nyingi za kolibri hazina pa kukanyaga, na nadhani ndiyo maana wa Morogoro alichukua wiki tatu. Fungeni kijiti kikavu, chembamba kama penseli, chini kidogo ya tundu la chupa. Mtaona mabadiliko.

Halafu kuna jambo ambalo huenda mdogo wake hakulifikiria. Kule Minnesota kolibri hufika mwezi wa tano na kufikia mwisho wa mwezi wa tisa karibu wote wameondoka kukimbia baridi. Wengine huvuka Ghuba ya Meksiko, kama kilomita 800, bila pa kutua. Chupa za huko hulala stoo zaidi ya nusu ya mwaka. Chozi wa Morogoro hana safari hiyo. Mama ana ndege wake mwezi wa kwanza hadi wa kumi na mbili.

Sasa maji yenyewe. Kipimo ni sehemu moja ya sukari kwa sehemu nne za maji, na kinatosha. Sukari iwe nyeupe ya kawaida. Chemsha maji, koroga sukari iyeyuke, acha yapoe kabisa. Usitie asali, kwa sababu huchacha upesi na kuotesha ukungu unaoweza kumuumiza ndege. Usitie sukari guru. Usitie sukari ya wagonjwa wa kisukari, maana haina nguvu yoyote ndani yake na ndege atakunywa akijidhani ameshiba. Na usitie rangi nyekundu. Wekundu wa chupa unatosha kumwita, tumboni hauna kazi.

Ugomvi wa wifi unamalizwa na kijiko. Hakuna haja ya kujaza chupa. Anza na kijiko kimoja kikubwa cha sukari kwa vijiko vinne vya maji, ndiyo chakula cha siku nzima cha ndege mmoja au wawili wanaopita. Kikombe kimoja cha chai ya nyumba nyingi ninazozijua kinakula sukari hiyo hiyo. Kinachogharimu hasa ni uoshaji. Kwa joto la Morogoro, maji yasikae zaidi ya siku mbili, hata kama hayajanywewa. Yakianza kuwa na utusitusi, mwaga hapo hapo. Chupa isuguliwe kwa maji ya moto na brashi hadi kwenye vitundu, kisha isuuzwe sana. Nyumba isiyo na mtu wa kuosha chupa kila baada ya siku mbili heri isitundike chupa. Hili silisemi kwa mzaha, maana chupa chafu inaua ndege bila mtu kuona.

Kuhusu sisimizi, dawa yao ni maji. Chukua kizibo kirefu au kata sehemu ya juu ya chupa ndogo ya plastiki, pitisha waya wa kutundikia katikati yake, ziba tundu kwa gundi au nta, kisha jaza maji. Sisimizi anaposhuka kwenye waya anakuta ziwa. Maji hayo nayo yabadilishwe siku ile ile ya kuosha chupa, msije mkafuga mbu juu ya kichwa cha mama. Wapo wanaopaka waya mafuta ya kupikia au grisi. Sishauri, kwa sababu mafuta yakigusa manyoya ya ndege hayatoki na yeye hana sabuni. Nyuki huja zaidi chupa ikivuja, na huvuja ikikaa juani. Isogezwe kivulini. Nyuki wakizidi, iondoeni siku mbili tatu, watatafuta kwingine.

Suala la kugonga kioo lina maelezo yake. Dume la chozi lina wivu wa eneo. Likiona kivuli chake kwenye kioo linaona dume jingine limekuja kwake, basi linapigana nalo, na kwa kuwa yule wa ndani hakimbii, ugomvi hauishi. Wenye magari wamewaona wakipigana na vioo vya pembeni. Ukaidi huu una hesabu ndani yake. Miaka ya 1970 wataalamu wawili, Frank Gill na Larry Wolf, waliwachunguza chozi wa mabawa ya dhahabu karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, wanaolinda mimea yenye maua ya rangi ya chungwa yaliyopangika kama mipira kwenye shina. Walikokotoa kwamba ndege akikaa tu anatumia kalori kama 400 ndogo kwa saa, akitafuta chakula 1,000, na akifukuza wenzake 3,000. (Kalori hizo ni zile ndogo kabisa, si za kwenye pakiti ya biskuti.) Ndege analinda maua pale tu yanapomlipa kuliko gharama ya ugomvi. Maua yakiwa machache mno au mengi kupita kiasi, anaacha.

Chupa iliyojaa maji ya sukari ni mali ya kupigania. Kwa hiyo dume la dirishani litafukuza wengine wote na mama ataona ndege mmoja tu. Akitaka kuona zaidi, jaribuni kutundika kichupa cha pili upande mwingine wa nyumba ambako dume la kwanza halioni. Na kioo kinachogongwa kifunikwe kwa nje kwa gazeti au kitambaa chepesi sehemu ile tu anayoigonga, au kipakwe sabuni kavu kisiakisi. Wavu wa mbu ukiwa nje ya kioo unasaidia vile vile. Chupa yenyewe iwe chini ya mita moja kutoka dirishani, maana ndege anayeruka kutoka karibu hapati kasi ya kujiumiza, na mama aone vizuri. Paka asiweze kuifikia kwa kuruka.

Nije kwa shemeji na dawa yake. Hana kosa, mgonjwa kitandani na sisimizi shukani si jambo la kuvumilia. Lakini tusidhani chozi anaishi kwa sukari. Maji matamu ni petroli yake, nyama yake ni wadudu na buibui. Makinda hulishwa zaidi wadudu na vibuibui laini, na hakuna chupa inayoweza kuziba pengo hilo. Ukipuliza dawa kwenye maua na miti ya uani, unaua chakula cha makinda, na wale wadudu walioonja dawa bila kufa papo hapo ndio rahisi zaidi kukamatwa na kupelekwa kiotani. Tena dirisha lile ndilo mama anapovutia pumzi. Kwa mbu kuna chandarua, na kuna kumwaga maji yaliyotuama kwenye makopo na matairi. Kwa sisimizi kuna lile ziwa la kwenye waya, na miguu ya kitanda kwenye vikopo vya maji kama walivyofanya bibi zetu, vikopo vinavyomwagwa na kujazwa upya mara kwa mara. Kama ni lazima apulize, apulize ndani ya choo cha nje na si kwenye maua.

Kama ningepewa kuchagua kati ya chupa na ua lililopandwa, ningechagua ua. Chupa ikisahaulika inageuka sumu, ua likisahaulika linaendelea kuchanua. Mshubiri kwenye ndoo kuukuu, chini ya dirisha lile lile, ni mwanzo mzuri. Unavumilia kiangazi na wengi wao huchanua wakati ule uani kumekauka. Hibiskasi ya kawaida, ile ya petali tano, chozi huijia kila siku, na asipofika ndani kwa mdomo hutoboa tundu chini ya ua na kuiba utamu kwa nyuma. Mgomba ukitoa ua lake lile zito la zambarau, mkalisheni mama alitazame. Mkrismasi ukichanua mwezi wa kumi na mbili, mti mzima unakuwa karamu. Na kabla ya kukata mpapai dume kwa sababu hauzai, angalieni kwanza nani anatembelea maua yake asubuhi. Miche ya vitu hivi hainunuliwi, inaombwa kwa jirani.

Morogoro kuna utajiri mwingine ambao nausema kwa kupita. Kwenye misitu ya milima ya Uluguru, ile mnayoiona kutoka mjini, yupo chozi ambaye haishi mahali pengine popote duniani. Anaitwa kwa jina la Arthur Loveridge, mtaalamu wa wanyama aliyefanya kazi nchini zamani za Tanganyika. Huyo hatashuka kuja kwenye chupa, anahitaji msitu wake. Lakini mjukuu akimweleza bibi yake kwamba juu kule wapo binamu wa huyu wa dirishani, patakuwa na mazungumzo.

Wajukuu wenyewe wapewe kazi. Barua inasema mmoja ana manati na mwingine amejitolea kumkamata ndege ili bibi awe naye ndani ya tundu. Manati ihamie kwenye makopo ya mazoezi. Chozi hafugiki tunduni, anahitaji kula mfululizo mchana kutwa, mchanganyiko wa maua na wadudu ambao mtoto hawezi kuukusanya. Wapeni daftari. Kila ndege akija, bibi aseme, mtoto aandike saa. Msiache mazoezi aliyopewa na daktari wala ya yule anayemfundisha kutamka, haya ni nyongeza. Lakini mtu ambaye siku nzima anaulizwa “unataka maji, unataka kugeuzwa?” akipata kazi ya kuwaambia wengine jambo wasilolijua, hiyo kwake ni heshima.

Na sasa zile takataka za kwenye waya wa taa.

Dada, umeandika kwamba ni kifurushi cha majani makavu, nyuzi, maganda ya mti na vitu kama pamba, chenye urefu kama wa kiganja, kimening’inia peke yake, na kwamba pembeni kuna nyigu. Umeandika pia kuwa kina tundu ubavuni, karibu na juu. Hizo si takataka. Hicho ni kiota cha chozi, na kwa maelezo hayo sidhani kama kuna shaka. Jike ndilo hukijenga, linafunga kila jani kwa utando wa buibui linaoutoa kwenye pembe za nyumba, zile pembe ambazo tunazipitia na ufagio kila Jumamosi. Juu ya tundu mara nyingi huweka kibaraza kidogo cha kuzuia mvua. Chozi mwenye kidari chekundu hupenda kujenga kwenye nyaya na karibu na nyumba za watu, na mara nyingi jirani na nyigu, kwa sababu anayetaka kuiba mayai huwaogopa nyigu. Msiwachome nyigu hao wakati huu.

Ndani kwa kawaida kuna yai moja au mawili. Jike hulalia peke yake kama wiki mbili, kisha makinda hukaa kiotani wiki mbili hadi tatu nyingine wakilishwa na wazazi wote. Kwa hiyo mnazungumzia mwezi mmoja na kidogo. Balbu ya taa hiyo iondolewe au swichi ifungwe kwa gundi ya karatasi, joto na mwanga usiku havifai. Kamba ya nguo ihamishiwe upande wa pili. Msichana wenu afagie baraza chini kama kawaida, ndege watamzoea, ila asiguse kiota na watoto wasiingize kidole. Utando wa buibui wa nje ya nyumba uachwe mwezi huu.

Siku mkiona jike linaingia na kutoka kila baada ya dakika chache likiwa na mdudu mdomoni, mjue makinda wameshatoka kwenye yai. Hapo ndipo pa kumwonyesha mama. Msogezeni kwenye kiti hadi mlango wa barazani asubuhi na alasiri, hatua tano au sita kutoka kiotani, kisha mtulie. Mkishangaa kuona kinda mmoja tu, mkubwa kuliko wazazi wanaomlisha, yaelekea ni wa kekeo mdogo wa kijani, ambaye hutaga kwenye viota vya chozi na kuwaachia kazi. Nalo hilo liacheni, huyo kinda naye hana pengine pa kwenda.

Makinda wakisharuka, kiota kisitolewe siku hiyo hiyo. Mara nyingi hurudi kulala humo siku kadhaa za mwanzo. Mpeni kama wiki mbili, mkiona hakuna anayeingia jioni, ngazi itoke stoo. Mpe mama shikamoo yangu, na niandikie idadi ya daftari.